Kijana, Ulijua?

Somo: Kutoka 21:28–36

Huku kwetu Olenguruone hatuna ziwa, kwa hivyo wengi wenu hamjui kwamba kabla ya kuingia kwa huduma niliwahi kufanya biashara ya boti. Nilikuwa nimetoka chuo na digrii yangu ya biashara. Mimi na rafiki yangu tukanunua boti na injini kuukuu, ile ya kufungwa nyuma, tubebe wageni Ziwa Naivasha.

Wiki ya kwanza propela ilinasa kwa gugu maji, pini ikakatika, tukarudi kwa kupiga kasia. Hiyo si hasara kubwa. Pini imewekwa pale ikatike yenyewe ili gia zipone. Siku nyingine tulizidisha oili kwa petroli, moshi ukawakohoza wageni. Hayo tulicheka.

Lakini kulikuwa na shida moja isiyochekesha. Injini ya aina hiyo hupozwa na maji ya ziwa. Ndani kuna kigurudumu cha mpira kinachovuta maji, na ikiwa nzima utaona maji yakichuruzika kando. Yetu ilitoa matone tu. Fundi akaifungua, akatuambia imeshachemka mara nyingi na silinda imekwaruzika. Ikiwa baridi, inawaka vizuri. Ikipata moto, baada ya kama nusu saa, inazima, na haiwaki tena mpaka ipoe.

Tukaamua kuiuza. Mzee mmoja akaja asubuhi. Nikavuta kamba mara moja, ikanguruma. Akauliza, "Iko sawa?" Nikamjibu, "Mzee, si umesikia mwenyewe?" Akalipa.

Siku chache baadaye akanipigia simu. Injini ilizimika katikati ya ziwa alasiri, saa ambazo upepo wa Naivasha huamka, na alikuwa na wateja wawili. Upepo uliwasukuma hadi kwenye mafunjo, mahali pa viboko. Boti nyingine ikaja kuwavuta. Hakuna aliyeumia. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Kijana, ulijua?"

Je, nilidanganya? Sikutamka neno hata moja la uongo. Chuoni tulifundishwa kanuni ya zamani ya soko: mnunuzi ajihadhari. Nikajitetea nayo usiku mzima. Lakini ni mimi niliyemwambia aje asubuhi, injini ikiwa baridi. Yeye alikagua kile nilichotaka akione.

Sasa angalia somo letu. Ng'ombe dume akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo ana mazoea ya kupiga, na mwenyewe ameshaonywa lakini hakumfunga, basi damu iko juu yake. Ng'ombe ni yuleyule, pembe ni zilezile. Kinachobadilisha hukumu ni kwamba mwenyewe alijua. Torati inauliza swali la yule mzee.

Mtu atasema, "Pasta, nikisema kila kitu nitauza nini?" Hujaambiwa useme kila kitu. Kwa nini unahitaji pesa ni siri yako. Mkwaruzo wa nje, mnunuzi ana macho. Lakini kasoro ambayo haonekani nayo mpaka imuumize, na wewe unaijua, hiyo ni deni lako kwake. Jiulize hivi: akijua ninachokijua, bado atanunua kwa bei hii? Kama jibu ni hapana, hiyo pesa ya juu umeichukua kwa giza.

Sisi hatuuzi injini za boti. Tunauza ng'ombe ambaye chuchu moja imekufa, na tunamleta sokoni akiwa hajakamwa. Tunajaza gunia la viazi, vikubwa juu, vidogo na vilivyooza katikati. Halafu Jumapili tunainua mikono, na mikono ni ileile.

Nilimrudishia yule mzee pesa za matengenezo, kidogo kidogo, miezi minne. Iliniuma, maana sikuwa nazo. Bei ya kusema ukweli ile asubuhi ingekuwa ndogo zaidi.

Wiki hii, kabla ya kupokea pesa ya mtu, fikiria siku atakapopiga simu. Mungu atupe neema ya kusema kabla hatujaulizwa. Amina.