Sitara na Shahada katika Kuandika Maisha Yako

Mtu aliyekusudia kuandika habari za maisha yake mwenyewe hukabiliwa, kabla wino haujagusa karatasi, na amri mbili za dini ambazo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kupingana. Ya kwanza imo katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, ambamo waumini wametakiwa wausimamie uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ijapokuwa ushahidi huo ni juu ya nafsi zao, au wazazi wao, au jamaa zao wa karibu. Ya pili imo katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambayo humlaumu mtu aliyetenda kosa usiku, Mola wake akamsitiri, kisha kulipokucha akaifunua sitara ile kwa mkono wake mwenyewe kwa kumsimulia mwenziwe aliyoyatenda. Amri moja yataka tuseme hata yaliyo juu yetu. Nyingine yakataza tusijifedheheshe baada ya kusitiriwa. Mwandishi afuate ipi?

Swali hili si la wanazuoni peke yao. Wengi wanaojifunza kuandika maisha yao, na hasa wazee waliokwisha kustaafu ambao wapenda kuwaachia wajukuu kumbukumbu, hulijibu bila ya kulitamka, kwa kuchagua salama: huandika nasaba, huandika tarehe za kuhamishwa kazini kutoka wilaya moja hadi nyingine, huandika majina ya wakubwa waliopata kuwapa mkono, lakini mtu mwenyewe, pamoja na hofu zake na tamaa zake, hayumo. Wachache huchagua upande wa pili, wakayatoa barazani yote ya nyumbani mwao, kwa kudhani kwamba wingi wa fedheha ndio wingi wa ukweli. Makundi yote mawili yanisikitisha, kwani la kwanza limewanyima wajukuu babu yao, na la pili limewauza watu ambao hawakuulizwa.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058, alikuwa mwalimu katika madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, cheo kilichotamaniwa na kila mwenye elimu wa zama zake, naye mwaka 1095 alikiacha. Katika al-Munqidh min al-Dalal, kitabu alichokiandika katika miaka ya mwisho ya umri wake, amesimulia jinsi alivyoipima nia yake katika kufundisha, akaona kwamba haikuwa safi kwa ajili ya Mungu, bali kilichomsukuma kilikuwa kutafuta jaha na sifa; jinsi alivyosita karibu miezi sita, leo akiazimia kuondoka na kesho akirudi nyuma, hata ulimi wake ukafungwa asiweze kutoa darsa, na chakula kikamkataa; na jinsi alivyowatangazia watu kwamba aenda Makka, hali moyoni amekusudia Sham, kwa kuchelea Khalifa na masahibu wasije wakamzuia.

Msomaji na atue hapa kidogo, maana sijui mahali pengine ambapo mwanafunzi wa kazi hii aweza kupata somo kubwa kuliko hili. Hamna katika simulizi ile usiku wa maasi, wala hamna jina la mtu aliyeaibishwa, na hata hivyo mwandishi hakujificha. Aliyoyafunua ni mazito kuliko dhambi za mwili, kwa sababu mtu huweza kukiri ulevi wa ujana wake kwa wepesi, na pengine kwa majivuno yaliyovikwa joho la toba, lakini kukiri kwamba kazi ile ile iliyompatia heshima, kazi njema iliyosifiwa misikitini na majumbani mwa watawala, ilikuwa na riya ndani yake, ni jambo ambalo nafsi hulikwepa kwa kila hila iliyo nayo. Kwa itikadi yangu, amri zile mbili hukutana papo hapo: kitendo huweza kuachwa chini ya sitara ya Mola, bali nia haina budi itolewe shahada.

Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste ulio leo katika nchi ya Algeria, alishika njia ya Wakristo wa kuungama waziwazi, na kitabu chake cha Maungamo hutajwa kila yanapotajwa maandishi ya namna hii. Alieleza kwa urefu jinsi alivyoiba mapeari pamoja na wenziwe alipokuwa na miaka kumi na sita, hali hakuwa na njaa na nyumbani kwao yalikuwako mazuri zaidi. Aliyachimba mapeari yale kwa swali moja tu, nalo ni kwa nini aliupenda uovu kwa uovu wenyewe. Hapo yeye na Ghazali ni ndugu, ingawa dini zao ni mbalimbali.

Lakini kitabuni humo yumo pia mwanamke aliyeishi naye miaka mingi na kumzalia mwanawe Adeodatus, kisha akarudishwa Afrika ili Augustino apate kuoa ndoa ya cheo, naye akaondoka kwa kuweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine. Jina lake halikuandikwa. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi bila ya kupata utulivu. Yamkini mwandishi alimsitiri, na sitara ni wema. Walakini msomaji huambiwa jinsi moyo wa Augustino ulivyojeruhiwa, asiambiwe ya moyo wa yule aliyepakiwa chomboni akamwacha mtoto wake nyuma. Naona ya kuwa kuficha jina la mtu hakutimizi haki yake, ikiwa machungu yake nayo yamefichwa na ya msimulizi peke yake yakabaki.

Pwani yetu imekuwa na desturi iliyowafaa wengi katika mashaka haya, nayo ni kuyasimulia maisha kwa njia ya wasia. Mwana Kupona binti Msham, katika utenzi wake wa mwaka 1858, alimwelekea binti yake Mwana Hashima, na katika kumfundisha akamgusia ndoa yake mwenyewe na Bwana Mataka wa Siyu. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Unguja, ambaye utotoni alijifunza kuandika kwa siri kwa kunakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, aliandika kumbukumbu zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 kwa ajili kwanza ya watoto wake, waliokuwa wakikua mbali na nchi ya mama yao. Shaaban Robert naye aliweka ndani ya Maisha Yangu utenzi aliomtungia binti yake. Mwandishi anayemwona mbele yake mtoto anayempenda hawezi kujipamba kupita kiasi, kwa kuwa mtoto amjua. Wala hawezi kumwaga matusi, kwa kuwa mtoto atayarithi. Ndiyo sababu humshauri kila anayeanza achague kwanza uso wa kuuelekea, na mpangilio wa miaka aufikirie baadaye.

Kisha na aige uaminifu wa wapokezi wa hadithi: aliyoyaona aseme ameyaona, aliyoyasikia amtaje aliyemsikia, na mahali palipofifia kumbukumbu apaache wazi pasipo kupashona kwa uzushi.

Limebaki gumu kuliko yote, nalo ni la mwenye kudhulumiwa. Tuchukue mwanamke aliyenyimwa urithi na kaka zake, ambaye akinyamaza dhuluma huzikwa pamoja naye, na akisema huambiwa asengenya. Katika kitabu chake kiitwacho Ihya, Ghazali amehesabu lalamiko la aliyedhulumiwa miongoni mwa udhuru unaoondoa dhambi ya kusengenya. Basi mwanamke huyo ana haki ya kuandika shamba lilikuwa wapi, nani aliligawa, na yeye alikuwa ameketi wapi siku ile. Lakini ulevi wa kaka mmoja na ugumba wa mwingine havimo katika dai lake, naye akiviandika atakuwa ameitumia dhuluma aliyotendewa kuwa kibali cha kisasi. Akishamaliza, ausome ukurasa wake kana kwamba kaka zake wameketi mkabala naye mbele ya kadhi. Neno ambalo wangeweza kulikanusha kwa haki alifute, na yaliyosalia ayaache kama yalivyo, hata yakiwauma.