Siri Iliyopita Mikononi mwa Wengi

Barua ya askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) aliyepigana Burma mwaka 1944 haikuwa ya watu wawili. Kama hakujua kuandika, alimsimulia mwenzake anayejua. Mkaguzi wa jeshi akaisoma, akaondoa yasiyotakiwa kutajwa, na manung'uniko yake yakaweza kuingia kwenye ripoti za wakubwa waliotaka kujua askari Waafrika wanawaza nini. Huko nyumbani, mke asiyejua kusoma alisomewa na mwalimu au mtoto wa shule. Mapenzi yaliyopita kwenye macho na ndimi zote hizo, bado ni ya wawili?

Wapo watakaosema mapenzi hayamo kabisa kwenye barua hizo: salamu ndefu, fedha, ng'ombe, karo, basi. Sikubali. Wanadhani siri ni jambo lisilosomwa na mwingine. Tuseme mume ameuliza kama yule mbuzi mwekundu bado anakata kamba. Mkaguzi ataona mbuzi tu. Mke anakumbuka ugomvi ulioanza na mbuzi huyo, na namna walivyopatana usiku ule. Siri yao imo katika maisha waliyokwisha kuishi pamoja, ambako mkasi wa mkaguzi haufiki.

Maneno yanaweza hata kuwa machache zaidi: askari Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza walipewa kadi zenye sentensi zilizokwisha kuchapwa, kama vile ni mzima, nimelazwa hospitali, nimepokea barua. Askari alifuta zisizomhusu, akatia saini na tarehe. Akiongeza neno lake, kadi iliharibiwa. Bado wake zao walizisubiri. Tarehe iliyofuata siku ya mapigano makubwa ilitosha.

Ila hoja hii ina makali pande zote mbili, na hapo ndipo inaponitia wasiwasi. Kumbukumbu inayojaza maneno machache hujaza pia ukimya. Ripoti za wakaguzi zenyewe zinaonyesha askari wa Afrika Mashariki wakihangaika: mke ametulia? Fedha anazokatwa askari kwenye mshahara zinamfikia mke huyo? Barua ikichelewa, mtu aliye bonde la Kabaw huko Burma kwenye masika alikuwa na muda wote wa kuusoma ukimya huo vibaya. Naye mke, akitaka kujitetea, ilimbidi ajitetee mbele ya mwalimu wa kijiji aliyemwandikia barua, ambaye huenda ndiye aliyekuwa akisemwa.