Kabla ya Kura Kuna Ramani

Novemba 1951 polisi wa serikali ya kikoloni waliingia Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki mwa Mlima Meru, wakawatoa Wameru majumbani mwao. Vyombo vilitolewa nje, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa kuelekea King'ori, huko chini kwenye joto ambako wafugaji walikuogopa kwa maradhi ya ng'ombe. Watu wapatao 3,000 walipoteza makazi. Hawakuwa wameasi wala kukwepa kodi. Kosa lao lilikuwa kuishi upande ambao ramani mpya haikuwataka.

Ramani hiyo ilianza kuandaliwa miaka mitano kabla. Mwaka 1946 Jaji Mark Wilson alipewa kazi ya kuchunguza mgawanyo wa ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Tatizo lilikuwa la kweli: tangu enzi za Wajerumani mashamba ya walowezi, wakiwemo Makaburu kutoka Afrika Kusini, yalikuwa yameuzunguka mlima, na wenyeji wamebanana mteremkoni, malisho yao yako ng'ambo ya mashamba ya watu. Jaji alitakiwa atafute namna ya kupunguza msongamano huo. Lakini alibebeshwa na lengo jingine, nalo ndilo lililoharibu kazi: maeneo yapangwe ili Wazungu washikane upande mmoja na Waafrika upande mwingine, pasiwe na kuingiliana. Mchoraji akishakubali lengo hilo, Engare Nanyuki inageuka dosari, kipande cha Waafrika ndani ya ukanda uliokusudiwa kuwa wa walowezi kutoka Meru hadi Sanya. Basi waliobanana wakaambiwa wao ndio wapishe.

Hapo ndipo ninapomwomba msomaji atulie kidogo. Tume ile haikutumwa kupora. Ilikuwa na jaji, ilikuwa na takwimu, ilipokea maoni, ilitoa ripoti. Kila hatua ilikuwa na mhuri wake. Dhuluma ilikuwa imekaa ndani ya swali lenyewe aliloulizwa mchoraji, kwa hiyo jibu lolote la kistaarabu lingeibeba tu.

Wameru walikataa uamuzi huo. Wakachangishana, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet hadi New York, pamoja na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Julai 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akaeleza yaliyowapata watu wake. Hoja ya kurudishiwa ardhi ilifika hadi Baraza Kuu, ikakosa theluthi mbili ya kura. Kisheria Wameru walishindwa. Kisiasa alishindwa Mwingereza, maana habari ya Engare Nanyuki ilienea Tanganyika nzima, na TANU ilipoanzishwa 1954 ilikuta watu tayari wanajua serikali ya wageni inaweza kufanya nini kwa kalamu na ramani. Hata ufugaji wa walowezi kule haukushamiri, na ardhi hatimaye ikarudi mikononi mwa Wameru.

Siku hizi ubishi wa ramani umehamia kwenye majimbo na kata, na wapinzani wa leo ni vyama. Wamarekani ndio mabingwa wa fani hii. Mwaka 1812 gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, alitia saini ramani iliyokiwezesha chama chake kubaki na Seneti ya jimbo hilo huku chenyewe kikiwa na kura chache. Mwaka 2025 wabunge wa Texas, wakihimizwa na Rais Donald Trump, walichora upya majimbo yao katikati ya muongo ili chama chao kipate viti vitano zaidi, na California ikajibu kwa ramani yake, iliyopitishwa na wapiga kura Novemba mwaka huohuo. Hakuna hata mmoja wao aliyeiba kura. Waliamua tu nani apige kura pamoja na nani.

Arusha nayo ilionja jambo la jamii hiyo Desemba 2010. Godbless Lema wa Chadema alikuwa ametoka kushinda ubunge wa Arusha Mjini, na madiwani wa vyama viwili vikubwa walikuwa wanakaribiana kwa idadi. Uchaguzi wa meya ukategemea swali moja: nani ni mjumbe halali wa baraza? Orodha ilimweka Mary Chatanda, katibu wa CCM wa mkoa wa Arusha, ambaye alikuwa mbunge wa viti maalumu kutoka Tanga. Chadema wakapinga kwamba mbunge wa Tanga hawezi kuhesabiwa Arusha. Meya wa CCM akatangazwa bila wao kukubali. Tarehe 5 Januari 2011 waliandamana, polisi wakatumia risasi, watu wakafa, na viongozi wa Chadema, Freeman Mbowe na Dk Willibrod Slaa miongoni mwao, wakakamatwa. Ugomvi wa mpaka wa mkoa, ambao karani mwangalifu angeumaliza kwa barua moja yenye sababu za kisheria zinazoeleweka, ulimalizikia mochwari.

Sasa tuitazame ramani tuliyo nayo. Ibara ya 75 ya Katiba inaipa Tume ya Uchaguzi kazi ya kugawa majimbo baada ya kupata kibali cha Rais, na kuyapitia angalau kila baada ya miaka kumi. Rais huyo kwa kawaida ni mwenyekiti wa chama kinachogombea majimbo hayohayo. Ibara ya 74 nayo inaizuia mahakama kuchunguza jambo ambalo Tume imelifanya katika kutekeleza madaraka yake ya kikatiba. Kirilo alipata mahali pa kusimama akaulizwa na akajibu. Mpiga kura wa Arusha asiyeridhika na mpaka wa jimbo lake hana.

Mei 2025 Tume ilitangaza majimbo manane mapya, yakawa 272: Bara 222 na Zanzibar 50. Jiji la Mbeya liligawanywa, likazaliwa jimbo la Uyole, ambako aliyekuwa Spika, Dk Tulia Ackson, alikwenda kugombea. Jiji la Arusha likabaki jimbo moja. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 617,631 Arusha na 541,603 Mbeya. Wastani wa jimbo la Bara ni watu kama 270,000, kwa hiyo mbunge wa Arusha Mjini anabeba mizigo ya wabunge wawili na zaidi. Zanzibar sitaigusa sana, ina mapatano yake ya Muungano, ingawa huko wastani haufiki watu 40,000.

Huenda Arusha ina sababu nzuri ya kubaki ilivyo. Maombi ya kugawa jimbo huanzia chini, kwenye vikao vya halmashauri, hupanda wilayani na mkoani ndipo yafike Tume, na eneo lisilosukuma ombi lake halitafutwi. Ninachokataa ni sisi kutojua sababu hiyo.

Kenya waliandika vizuri zaidi. Katiba yao ya 2010 imeweka kikomo: jimbo lisizidi wala kupungua wastani wa kitaifa kwa zaidi ya asilimia 40 kwa majiji na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko, na mtu yeyote anaweza kwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30 kupinga mpaka. Kisha wakakaa bila makamishna wa tume yao ya uchaguzi na mipaka, IEBC, tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, tarehe ya kupitia mipaka ikawapita. Sheria bila wa kuitekeleza ndiyo hiyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Sombetini, wa Usa River, wa Ngaramtoni: mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi. Mpaka wa kata au jimbo ukiwekwa kwenye ajenda, nenda na hesabu ya sensa ya kata yako, omba uone mchoro kabla haujapelekwa mkoani, na uulize kwa sauti mchoraji aliambiwa atafute nini. Wakikataa kukuonyesha, andika barua na ubaki na nakala.