Wenye Taksiri Katika Nyumba ya Mungu

Miongoni mwa mambo yamzuiayo mtu kuingia katika ushirika wa waamini, aghalabu shaka juu ya Mungu haizidi haya aliyo nayo mtu juu ya nafsi yake. Kwani yuko asadikiye yote yafundishwayo kanisani, lakini akiyakumbuka maasi yake, kisha akiwatazama wenziwe waliotulia katika ibada, huona kwamba nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya watu wengine. Swali lake ni la haki: je, Kanisa ni jamaa ya waliokwisha kutakata, ama ni jamaa ya wanaotakaswa?

Swali hilo liliulizwa kwa uchungu mwingi katika mji wa Kartago, Afrika ya Kaskazini. Mwaka 250, kwa amri ya Kaisari Decius, watu wa dola ya Rumi walilazimishwa kuitolea miungu kafara na kupokea hati ya kushuhudia utii wao. Nao Wakristo wengi, kwa hofu ya kifungo na mauti, wakatoa kafara, na wengine wakanunua hati pasipo kutoa. Dhiki ilipotulia, walirejea wakiomba kupokewa. Kasisi Novatian wa Rumi alishika kwamba Kanisa haliwezi kuwarudisha. Wengine walitaka wapokewe papo hapo, kana kwamba hapakutokea neno. Askofu Cyprian wa Kartago, ambaye mwenyewe alijificha wakati wa dhiki na kulaumiwa kwa ajili hiyo, alizikataa njia zote mbili. Yeye na maaskofu wenziwe, walipokutana mwaka 251, waliamua kwamba walionunua hati wapokewe baada ya hali ya kila mmoja kuchunguzwa, na waliotoa kafara wakae katika toba ndefu, ila wasikatiwe tamaa.

Naiona insafu katika hukumu hiyo, kwa kuwa haikusema kwamba kosa si kosa, wala haikusema kwamba mkosaji si ndugu. Mtu apokewaye kwa kuificha aibu yake hajapokewa bado. Iliyopokewa ni sura aliyoivaa, na mwenyewe angali nje, akiogopa kujulikana. Toba ndiyo imwezeshayo kuingia na nafsi yake nzima.

Baada ya mateso ya Wakristo chini ya Kaisari Diocletian, yaliyoanza mwaka 303, shauri lilizuka upya huko huko Afrika ya Kaskazini. Wafuasi wa Askofu Donatus walishika kwamba askofu aliyeyasalimisha Maandiko mikononi mwa watawala, huduma zake ni batili. Augustine, askofu wa Hippo, aliwajibu kwamba sakramenti ni za Kristo, wala uovu wa mhudumu hauziharibu, na kwamba ngano na magugu vitakua pamoja hata siku ya mavuno. Hata hivyo Augustine huyo huyo hatimaye aliridhia nguvu za dola zitumiwe juu ya wapinzani wake. Basi aliyelitetea Kanisa la wenye taksiri naye aliihitaji rehema ile ile aliyoihubiri.

Katika nchi zetu, uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, uliwazoeza watu kuungama dhambi zao mbele ya ndugu. Na wamisionari walipoungama mbele ya Waafrika kiburi walichokuwa nacho juu yao, daraja za wakubwa na wadogo zililegea, kwa sababu wote walisimama wakiwa wahitaji.

Kwa hiyo anayeogopa kuingia kwa ajili ya udhaifu wake asingoje kwanza awe mkamilifu, kwani hakuna aliyetangulia kuingia kwa ukamilifu wake. Nao waliomo ndani wana wajibu mzito zaidi: wausikie ukweli wa mwenzao pasipo kuugeuza kuwa uvumi, wamwonye pasipo kumdhalilisha, na waanze wao kuungama ya kwao. Ushirika ambamo wakubwa hawaungami kamwe, wadogo watajifunza humo kuficha; na afichaye, hata akikaa miaka mingi miongoni mwa ndugu, hukaa kama mgeni.