Vioo Vitatu na Jicho Moja

Kuna swali ambalo nimekuwa nikilibeba tangu nilipostaafu ualimu mkuu, nalo ni hili: je, anayetazama vitu vingi kwa wakati mmoja ameona zaidi kuliko anayetazama kitu kimoja? Jibu la haraka ni jepesi. Vingi ni zaidi ya kimoja, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua hivyo. Lakini mambo ya macho si hesabu za kujumlisha. Namwomba msomaji anivumilie nimweleze jinsi swali hili lilivyonirudia mwaka 2023, nyumbani kwangu hapa Nyakisasa, kwa njia ya kompyuta ya mjukuu wangu.

Kijana huyu anaishi kwa kupiga picha za video katika harusi na sherehe, kuanzia Rulenge mpaka Ngara mjini. Baada ya kudunduliza fedha kwa muda mrefu alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, yenye kadi mbili za picha ndani yake, pamoja na vioo vitatu vikubwa. Alivileta kwangu kwa sababu nina chumba chenye kufuli imara. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kigoda na kumulika tochi nyuma ya kasha alipokuwa akichomeka nyaya.

Alinieleza kwamba kioo cha kawaida kina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Vioo vyake vipya vina nukta 3840 kwa 2160, jumla yake 8,294,400, mara nne kamili. Vioo vitatu hufanya nukta 24,883,200, na nukta zote hizo yafaa zipakwe rangi upya mara 60 kila sekunde. Nilikifanya kizidisho hicho kichwani na kikaniridhisha, kwa maana hesabu ndilo lililokuwa somo langu.

Alipowasha, vioo viwili viliwaka. Cha tatu kilibaki cheusi, kikiandika tu kwamba hakipokei kitu. Tulibadilisha waya, tukabadilisha tundu, giza likabaki lile lile. Baada ya saa nzima akajipiga paji la uso.

"Babu, kadi ya pili imelala."

"Imeharibika?"

"Hapana. Nimezifunga zote mbili pamoja kwa daraja ili zifanye kazi kama kadi moja. Zikifungwa hivyo, matundu ya kadi ya kwanza ndiyo yanayotoa picha. Ya pili inasaidia kukokotoa tu, haina kioo chake."

Nikamwuliza kama walau akiba ya kumbukumbu inaongezeka. Akasema la. Kadi mbili za gigabaiti nne zikifungwa pamoja hazifanyi gigabaiti nane, kwa kuwa kila moja hulazimika kubeba nakala ya mzigo ule ule. Akaongeza kwamba mtindo huo ulipendwa na wacheza michezo ya kompyuta, na kwamba programu nyingi za kuhariri video hazihitaji daraja hilo. Basi akalifungua, kila kadi ikajitegemea, na vioo vyote vitatu vikawaka. Kimoja tu kiliendelea kutazamika kwa kusitasita, kwa sababu kilichomekwa kwenye tundu la HDMI la toleo la 1.4, ambalo picha ya ukubwa ule hulipitia mara 30 tu kwa sekunde. Kukihamishia kwenye tundu jingine kukamaliza taabu hiyo.

Chumba changu kiling'aa kama mchana. Kijana alifurahi, nami nilifurahi kwa ajili yake. Lakini nilipomtazama akifanya kazi, niligundua jambo. Kichwa chake kiligeuka kulia, kikarudi katikati, kikaenda kushoto. Vioo vilikuwa vitatu, na mtazamaji alikuwa mmoja, naye alikitazama kimoja kimoja.

Wataalamu wa macho wametufundisha kwamba jicho la mwanadamu huona kwa ukali kamili katika sehemu ndogo mno. Nyoosha mkono wako mbele, msomaji, na utazame ukucha wa dole gumba. Eneo linalokaribia upana wa ukucha huo ndilo unaloliona sawasawa. Yaliyobaki pembeni ni ukungu, na akili ndiyo inayokushawishi kwamba unaona yote. Kwa hiyo mtu aweza kununua nukta milioni 24, lakini hawezi kununua ukucha wa pili.

Usiku huo sikulala, kwa sababu nilikumbuka mbao mbili.

Nilihitimu Chuo cha Ualimu Butimba mwaka 1972. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, serikali iliazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto awe shuleni. Lilikuwa azimio jema, na mpaka leo nalitetea. Lakini watoto walifika kabla ya walimu na kabla ya vyumba. Mwaka 1978 nilipewa madarasa mawili katika chumba kimoja, la tatu na la nne. Darasa moja lilitazama mashariki, jingine magharibi, na kila moja lilikuwa na ubao wake. Nilikuwa natembea katikati, nikiandika hesabu huku na sarufi kule. Wakaguzi walinisifu. Nilijiona kama mtu mwenye macho mbele na kisogoni.

Katika darasa la nne palikuwa na mvulana aliyekaa nyuma. Kila siku daftari lake lilikuwa tupu au limejaa makosa ya ajabu: 8 akiiandika 3, 6 akiiandika 0. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Nilimchapa. Nilimchapa zaidi ya mara moja, na kila nilipomchapa nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye ubao wa pili. Mwaka huo huo aliacha shule akaenda kuchunga. Ni muda mrefu baadaye niliposikia kwamba muuguzi mmoja alimpima na kukuta kwamba tangu utotoni vitu vya mbali havioni. Ubao wangu, nilioujaza kwa mwandiko mzuri, kwake ulikuwa wingu.

Nimejitetea mara nyingi. Watoto walikuwa zaidi ya tisini, nami nilikuwa mmoja. Nani angeweza kuwaona wote? Utetezi huo una ukweli ndani yake, lakini haunitoshi. Sikulaumiwa kwa kutoona watoto tisini. Kosa langu ni kwamba mtoto mmoja alisimama mbele yangu, umbali wa fimbo, na hata hapo sikumtazama. Ningemwuliza swali moja tu, "Unaona nini pale?", lingemalizika.

Nilipomweleza mjukuu wangu fikra hizi asubuhi, hakukubaliana nami moja kwa moja, na ni haki nieleze hoja yake. Alisema: "Babu, nikiwa na kioo kimoja, dirisha moja hufunika jingine. Nasahau nilichoacha chini. Vioo vitatu sivitazami vyote kwa pamoja. Vinaniwekea kazi karibu, ili nikigeuka niikute." Nilikiri kwamba amesema kweli. Anayesimamia mitambo mikubwa au safari za ndege ana haki ya kuwa na vioo vingi, na angefanya makosa kuwa na kimoja. Hata mbao zangu mbili zilikuwa bora kuliko kuwaacha watoto wa darasa zima chini ya mwembe bila mwalimu.

Kwa hiyo sisemi kwamba wingi ni uovu. Nasema kwamba wingi huleta vitu karibu, na kazi ya kutazama hubaki pale pale. Tena wingi una kishawishi chake: humfanya mtu ajihisi ameona. Mwaka 1994, mwishoni mwa Aprili, watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja tu, wakaingia hapa wilayani Ngara. Dunia nzima iliwatazama katika televisheni, na kambi ya Benaco ikajulikana hata ng'ambo. Idadi ile ilihitajiwa, kwa maana bila idadi hakuna mahindi wala mahema. Lakini mama aliyesimama mlangoni pangu akiomba chumvi hakuwa laki mbili. Alikuwa mmoja, na miguu yake ilikuwa imevimba. Mwenye kuona laki mbili asimwone yule, ameona nini?

Baada ya siku chache nilipanda pikipiki nikamtafuta yule mvulana wangu, ambaye sasa naye ana wajukuu. Nilimkuta akipalilia maharage chini ya migomba, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaja mbio, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," nikasema, na neno likanikwama. Nilimwambia nilichokuja kusema: kwamba nilimwita mvivu naye hakuwa mvivu, kwamba nilimpiga kwa kosa lisilo lake, na kwamba naomba anisamehe.

Alikaa kimya kitambo, akafuta miwani yake kwa ncha ya shati.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilidhani wote wanaona hivyo hivyo. Nilidhani wenzangu wana akili tu."

Akanisamehe, na akanifungia mkungu wa ndizi niende nao. Nimezila, lakini lile neno bado sijalimeza. Mtoto alijiona mjinga kwa miaka kwa sababu mtu mzima mwenye mbao mbili hakupata dakika ya kumtazama.

Siku hizi mjukuu wangu akija na kuniuliza jambo, nageuza kiti changu nimwelekee. Nimeona wakati mwingine naye huzima vioo viwili.