Ugumu Unaolipiwa kwa Saa

Kuna kauli inayowatoka wapenzi wa magemu kana kwamba ni sheria: anayeshusha kiwango cha ugumu si mchezaji, ni mtalii. Imenikera wiki nzima, hasa kwa kuwa inasemwa hata Nakivubo jijini Kampala, kati ya uwanja na soko la Owino, mahali ambapo muda wa mtu una bei. Mwenye mashine yake sebuleni akiuawa na adui yuleyule mara hamsini, hasara yake ni usingizi. Mchuuzi wa soksi anayelipia kibanda cha gemu kwa saa, huku akiomba umeme usikatike, akiuawa mara hamsini nauli ya kurudi nyumbani imekwenda.

Sisemi mapigano yawe laini. Tazama Sekiro, gemu la mwaka 2019 lisilo na kiwango chepesi wala kigumu. Adui akitaka kupiga pigo lisilokingika, alama nyekundu huwaka, nawe una kufumba na kufumbua tu kumsoma mwili: upanga ukichomwa mbele, unausogelea na kuukanyaga, ukifyeka miguu, unaruka. Ukikosea unakufa, lakini unajua umekufa kwa nini. Huo ni ugumu wenye heshima. Sasa linganisha na magemu mengi ambayo ukichagua “ngumu”, adui ni yuleyule, mwendo wake ni uleule, ila anahitaji risasi maradufu ndipo aanguke. Hapo hakuna jipya la kujifunza. Mbunifu amekuongezea dakika tu, na dakika zinalipiwa na wewe.

Mtetezi wa ugumu atanijibu kwamba ushindi wa bure hauna ladha, na kwamba mbunifu ana haki ya kutaka kazi yake ichezwe alivyoikusudia. Hayo nayakubali yote mawili. Ila haohao FromSoftware waliotuletea Sekiro wamemjibu vizuri kuliko mimi. Katika Dark Souls ya 2011, ukiuawa na adui mkuu, mara nyingi ulirudishwa mbali, ukapita tena njia ileile kwa walinzi walewale kabla ya kumfikia. Katika Elden Ring ya 2022 waliweka vijisanamu karibu na maadui wakuu wengi ili ukifa uinukie pale pale. Je, gemu limekuwa rahisi? Muulize yeyote aliyekutana na Malenia, adui mkuu ambaye kila upanga wake ukikugusa yeye anapata nafuu. (Hata ukiukinga kwa ngao, ujue.) Pigano limebaki kali, kilichoondolewa ni safari tu, nayo ndiyo iliyokuwa ikila saa ya mchuuzi wetu.

Mbunifu wa magemu Lual Mayen hahitaji kufundishwa kwamba muda una bei. Msudani Kusini huyu alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, na mama yake aliweka akiba miaka mitatu kumnunulia kompyuta ya dola 300. Kwenda kuichaji kulikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Katika gemu lake, Salaam, mkimbizi hapigani. Anakimbia mabomu akitafuta maji, chakula na dawa, na nguvu zikimwishia, mchezaji anatoa pesa halisi zilizokusudiwa kuwafikia wakimbizi wenyewe. Ugumu wake una bei pia, lakini bei hiyo inatajwa waziwazi, na anayelipa anajua inakwenda wapi.

Kwa hiyo chaguo la kiwango chepesi liwepo, na kijana wa Nakivubo alichague bila kumwomba mtu radhi. Anayeona huko ni kudeka akumbuke Resident Evil 4 ya mwaka 2005. Kwa kiwango cha kawaida, ukifa sana gemu hilo hupunguza ukali kimyakimya, bila kukwambia neno. Wengi wanaojigamba kwamba walilimaliza bila msaada walisaidiwa tangu kijiji cha kwanza.