Bahati Iko Wapi? Maneno juu ya Shukrani Zama za Dhiki

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, mwenye kutoa na mwenye kuzuia, na yote ayatendayo yana hikima. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hata Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi ndugu zetu Waislamu, hapana neno lisikiwalo sana siku hizi barazani, sokoni, na hata milangoni mwa misikiti, kama neno hili: “Sina bahati.” Mwenye duka asiyeuza asema hana bahati. Kijana aliyesoma akakosa kazi asema hana bahati. Mvuvi arejeaye na dau tupu asema ana nuksi. Nasi hatusemi kuwa dhiki hizi ni ndoto. Unga ni ghali, kodi ya nyumba haingoji, na baba arudiye kwake mikono mitupu aujua uzito wa mlango wake mwenyewe.

Kitusikitishacho ni pale watu waendapo baada ya kulisema neno hilo. Wako waendao kwa mpiga ramli awatazamie nyota zao. Wako wanunuao hirizi ya kuvuta riziki. Wako wangojao siku njema ya kufungua duka, na siku zikapita, na duka limefungwa. Fedha ile ile aliyokuwa mtu akilia kuwa hana, huitoa akampa yule amwahidiye kuwa ataipata. Basi tumeona ni wajibu wetu kuuliza: hiyo bahati iko wapi, na aitakaye aitafute kwa njia gani?

Jawabu la suali hili wenzetu watatu wa darasa hili walilikuta mbali na pwani. Walisafiri kutoka Mombasa kwenda Nyeri, chini ya Mlima Kenya, kuwazuru ndugu zetu Waislamu wa huko. Siku ya safari ilikuwa Jumatano, na mwezi ulikuwa mfungo tano, yaani Safar. Mmoja wao alikuwa na moyo mzito tangu kupanda gari, kwani alilelewa na bibi yake kuiogopa Jumatano ya mfungo tano. Walipofika Ruring'u, nje kidogo ya mji wa Nyeri, gari likaharibika. Jua limekwisha kutua, na baridi ya huko si baridi ya kwetu. Yule mwenzetu akasema, “Niliwaambia mimi. Ndege mbaya hii.”

Kando ya njia palikuwa na kibanda cha mzee mmoja, akiuza chai na viazi. Mzee akawatazama kofia zao, akatoa salamu ya Kiislamu, akawakaribisha ndani penye moto. Alikuwa Mkikuyu aliyesilimu katika ujana wake. Alipokwisha kuwapa chai alisikia manung'uniko ya yule mwenzetu, akacheka, akasema, “Wanangu, gari limeharibika mbele ya mlango wa Mwislamu mwenye moto na chai. Na hiyo ndiyo mwaiita nuksi?”

Ndugu zetu, neno hili lina asili katika dini yetu. Waarabu wa Jahiliya walikuwa mtu akitaka kusafiri humtisha ndege. Akiruka upande wa kulia husafiri, akiruka upande wa kushoto huvunja safari. Na lugha yetu ya Kiswahili imeihifadhi ada hiyo, kwani hata leo twasema ndege njema na ndege mbaya, ilhali hapana ndege aliyeonekana. Mtume (S.A.W.) aliyakanusha hayo, na akaikanusha pamoja nayo nuksi ya mwezi wa Safar, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Walakini alisema kuwa yeye yampendeza fali; na alipoulizwa fali ni kitu gani, alijibu kuwa ni neno jema alisikialo mtu. Zingatieni tafauti hii. Mwenye kuogopa ndege hulitazama jambo akatafuta shari ndani yake. Mwenye fali njema hulitazama jambo lile lile akamdhania Mola wake kheri. Gari ni lile lile, na baridi ni ile ile. Kilichotafautiana ni nyoyo mbili zilizokuwamo kibandani.

Wenzetu wakamwuliza mzee alijifunza wapi kutazama hivyo. Akawaambia kuwa alijifunza kwa mama yake, katika kijiji cha handaki.

Wasomaji wetu wa pwani huenda wasiyajue vyema mambo hayo, basi twayaeleza kwa ufupi. Mwezi wa Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari katika Kenya, kwa ajili ya vita vya Mau Mau, na hali hiyo haikuondoshwa ila mwezi wa Januari 1960. Tangu mwaka 1954 watu wa Nyeri na wilaya jirani walitolewa majumbani mwao, nyumba zikachomwa moto, wakakusanywa katika vijiji vilivyozungukwa kwa mahandaki na miti iliyochongwa ncha. Zaidi ya watu milioni 1 walitiwa katika vijiji zaidi ya 800. Mahandaki hayo waliyachimba wao wenyewe kwa kulazimishwa, na wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake, kwani waume walikuwa vizuizini au msituni. Kutoka kwenda shamba kulikuwa kwa saa chache, chini ya bunduki. Njaa na maradhi yakaua watu, khasa watoto na wazee.

Mzee yule alikuwa mtoto mdogo katika kijiji kimojawapo. Akawahadithia wenzetu hivi: “Baba alichukuliwa. Mama alikuwa akichimba handaki tangu asubuhi. Jioni tukishafungiwa ndani, gizani, alikuwa akituhesabu kwa majina, mmoja mmoja, nasi tuliitika. Tukishaitika sote alisema: Wote tupo. Mungu ahsante. Kisha akihesabu mengine. Leo mvua haikuingia ndani. Leo tumepata mboga. Leo yule askari mwema ndiye aliyekuwa zamu. Na kila apikapo alitoa konzi moja ya mahindi akampelekea jirani aliyekuwa mgonjwa. Nami kwa njaa niliyokuwa nayo nilimwuliza, mbona wamtolea, nasi hatushibi? Akanambia, sisi tuna bahati, tuna kitu cha kugawa.”

Kisha mzee akanyamaza, akachochea moto, akasema, “Siku moja alituhesabu, na ndugu yangu mdogo hakuitika. Usiku ule hakusema wote tupo. Alilia mpaka alfajiri. Usiku wa pili alituhesabu tena, sisi tuliobaki.”

Ndugu zetu, mama yule hakuwa Mwislamu, wala hakuwahi kukaa mbele ya mwalimu akafundishwa maana ya shukrani. Nasi tumezaliwa katika Uislamu, twasoma Alhamdu mara kumi na saba kila siku katika sala za faradhi. Jee, hatuoni haya? Katika sura ya Ibrahim, aya ya 7, Mwenyezi Mungu ameahidi kumzidishia mwenye kushukuru. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 34, ametujuza kuwa lau tungezihesabu neema zake tusingeweza kuzidhibiti. Mama yule alijua kuwa hawezi kuzimaliza, walakini kila usiku alianza kuzihesabu. Sisi hata kuanza hatuanzi. Twahesabu tulivyovikosa, na hesabu hiyo twaijua kwa moyo.

Lenye ajabu zaidi ni hili neno handaki. Asili yake ni neno la Kiarabu khandaq, nalo ndilo jina la vita vya mwaka wa 5 wa Hijra, pale Mtume (S.A.W.) na sahaba zake walipochimba handaki kuilinda Madina. Handaki la Madina lilichimbwa na watu huru kujilinda, na mahandaki ya Nyeri yalichimbwa na watu waliotiwa nguvu ili yawafunge wao wenyewe. Hayo hayawi sawa. Ila njaa ya wachimbaji ilikuwa njaa. Amepokea Bukhari kwa Jabir kuwa Mtume alikuwa amejifunga jiwe tumboni, na watu wamekaa siku tatu pasi na kuonja chakula. Jabir akaenda kwake, akakuta pishi ya shayiri na mwana mbuzi mmoja. Akamwita Mtume kwa siri, pamoja na watu wachache. Mtume akawaita wachimbaji wote. Wakala wakashiba, na chakula kikasaza. Huo ni muujiza, na miujiza ni ya Mitume. Lakini pishi ile ilitolewa na mkono wa mtu mwenye njaa, na hilo kila mmoja wetu aliweza. Konzi ya mahindi katika kijiji cha handaki ni ndugu ya pishi ya Jabir.

Kwa hiyo wanavyuoni wamesema kuwa shukrani ni ya mambo matatu. Moyo ujue kuwa neema yatoka kwa Mungu. Ulimi ukiri. Na viungo vitende, kwani katika sura ya Saba, aya ya 13, watu wa Nabii Daudi waliamrishwa watende, na kutenda huko ndiko kushukuru. Basi anayesema alhamdulillahi na jirani yake analala na njaa, ameshukuru kwa theluthi moja, naye adhani amekamilisha.

Hapa huenda msomaji akasema: “Nyinyi mashekhe mwatuambia tushukuru ili tunyamaze. Anayedhulumiwa ashukuru nini?” Suali hili ni la haki, na jawabu lake pia liko Nyeri. Mama yule aliyekuwa akihesabu neema usiku, mchana alikuwa akienda ofisini kuuliza mumewe yuko wapi. Alifukuzwa, akarudi, alifukuzwa tena, akarudi tena, mpaka mume akaachiliwa baada ya miaka mitano. Na wazee wa zama zile hawakusema kuwa yaliyopita yamepita. Mwaka 2009 baadhi yao, wakiwa vikongwe, walipeleka mashitaka London katika Mahakama Kuu. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilisimama mbele ya Bunge lake, ikakiri kuwa Wakenya waliteswa, ikaeleza masikitiko yake, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa jambo la watu 5,228. Mzee wetu wa kibandani hakuwamo katika idadi hiyo, wala hakuna fedha irudishayo mtoto aliyekufa. Ila tumejua kwa mfano huu kuwa kushukuru hakumzuii mtu kudai haki yake. Bali mwenye kushukuru ndiye ajuaye thamani ya alichonyang'anywa. Na asiyejua neema hatajua hata akiibiwa.

Mwezi wa Desemba 1963, nchi ilipopata uhuru, wapiganaji walitoka msituni wakakusanyika katika uwanja wa Ruring'u ule ule, wakaziweka silaha zao chini. Mzee yule alikuwako, akiwa kijana, na mama yake kando yake. Watu waliimba na kuruka, naye mama alikuwa akiwatazama wanawe, akiwahesabu.

Basi, enyi ndugu zetu, tunakunasihini na tunajinasihi nafsi zetu mambo manne. La kwanza, tuache ramli, na hirizi za bahati, na kuogopa siku. Siku zote ni za Mungu, na Jumatano ni yake kama Ijumaa. La pili, kila usiku kabla ya kulala tuihesabu nyumba yetu, nani yuko, na kipi tumepata; na akikosekana mtu tulie, kwani Mtume (S.A.W.) naye alimlilia mwanawe Ibrahim, na machozi si ukafiri. La tatu, tuwashukuru watu, kwani imepokewa kutoka kwake kuwa asiyewashukuru watu hakumshukuru Mungu: mke apikaye kwa kidogo, mwenye nyumba atupaye muhula, jirani atukopeshaye chumvi. La nne, tutoe konzi yetu hata ikiwa ndogo, na tufanye kazi, kwani wazee wetu wamesema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na aliyelala hawezi kugaagaa.

Gari lilitengenezwa asubuhi. Wenzetu walitaka kumlipa mzee chai yake, naye akakataa. Yule mwenzetu wa Jumatano akavua koti lake akamwachia. Mzee akalipokea, akalitazama, akasema, “Mwaona? Ndege njema.” Na walipokuwa wakipanda gari aliwahesabu kwa kidole, mmoja, wawili, watatu, akasema, “Wote mpo. Alhamdulillahi.”

Ewe Mola wetu, tujaalie katika wenye kukushukuru wakati wa raha na wakati wa dhiki. Wape riziki wenye njaa, na haki waliodhulumiwa, na subira waliofiwa. Uzitakase nyoyo zetu na kila tegemeo lisilokuwa Wewe. Amin.

Wabillahi ttaufiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.